Neno "Rudia" na Mzee Mbonde wa Kiongoroni

Mmekuja watano na daftari moja, mkaniomba niwaandikie maneno ya redio, yote, kwa mpangilio wa alfabeti, myakariri kabla ya mtihani wa leseni. Nimekataa. Mpangilio wa alfabeti ni kazi ya kamusi, na kamusi haijawahi kushika kipaza sauti ikatetemeka mkono. Nitawaandikia ninayoyakumbuka kwa jinsi yalivyonipata mimi, na atakayefeli mtihani asije kunililia hapa Kibiti.

Ninyi mnataka kuwa watu wa redio za ridhaa, yaani kuongea hewani na watu wa mbali kwa kupenda tu. Mimi niliongea kwa kuajiriwa. Ninyi mkichoka mtazima mkalale. Mimi sikuwa na ruhusa hiyo.

Jina langu ni Tatu, mzaliwa wa Nyamwage, pale kando ya barabara ya Lindi, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni ya kwenye ndoo. Kwa miaka mingi nilikuwa opareta wa mradi uliounganisha zahanati za delta, kule mto unapogawanyika kuingia baharini, na Kibiti kwa redio, kabla simu hazijafika kule. Watu walituita "watu wa redio kol". Chumba changu kilikuwa nyuma ya stoo ya dawa: meza, redio, betri ya gari, kiti kilichovunjika mgongo na mimi.

Tuanze na neno mnalolipenda kuliko yote, maana nimewasikia mkichezea redio pale uwanjani. Mnasema "ova endi auti", kwa sauti nzito, kama kwenye filamu. Sasa sikilizeni. "Ova" maana yake nimemaliza, nakungoja wewe useme. "Auti" maana yake nimemaliza, usinijibu. Ukiyasema pamoja ni kama kumwambia mgeni, "Karibu ukae, kwaheri." Chagueni moja.

La pili si neno, ni kidole. Bonyeza kitufe kwanza, vuta pumzi, ndipo useme. Wengi huanza kusema huku kidole kikiwa bado njiani, na silabi ya kwanza hupotea. Kwa lugha nyingine labda si kitu. Kwa Kiswahili ni balaa, kwa sababu sisi kukataa tunakuweka mwanzoni. Nesi mmoja aliniambia, "Msilete mafuta ya taa." Kidole chake kilichelewa. Mimi nikasikia, "...lete mafuta ya taa." Tukapeleka mapipa matatu, yakapakiwa, yakapakuliwa, yakabebwa mabegani kupita kwenye tope, na nesi akasimama mlangoni akayatazama kama mtu aliyeletewa tembo. Mpaka leo tukikutana ananiuliza kama nina mafuta.

Halafu kuna tarakimu. "Tatu" na "tano" hewani ni mapacha. Redio ikiwa na mvumo kidogo, huwezi kuwatofautisha. Fikirieni mimi, ambaye wazazi wangu walinipa mmoja wa mapacha hao kuwa jina. Nusu ya delta waliniita Bi Tano. Kuna mzee mmoja aliponiona ana kwa ana aliniuliza wale dada zangu wanne wakubwa wako wapi.

Aliyenifundisha haya yote alikuwa fundi mkuu wetu, Bwana Shayo, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka, mwenye kalamu nne mfukoni na zote zinaandika. Alinifundisha vifupisho vya herufi ambavyo mtakutana navyo kwenye mtihani. QRN ni radi na mikwaruzo ya hewa. QRM ni binadamu wenzako wanaokuingilia. "Radi utaivumilia," alisema, "binadamu utamwambia ahame." QSL ni nimepokea na nimeelewa, lile ambalo sisi kwa Kiswahili tulisema "nimekusoma". Hapo Bwana Shayo aliweka kalamu chini.

"Bi Tatu," aliniambia, "mtu akikuambia amekusoma, usimwamini. Mwambie akusomee. Arudie ujumbe wote, neno kwa neno. Na wewe usiposikia, useme 'rudia'. Hakuna aibu kwenye 'rudia'. Aibu iko kwenye kunyamaza."

Niliandika kwenye daftari langu, kama ninyi. Na kama ninyi, niliandika bila kuelewa.

Katika zahanati zote, kituo kilichonipa raha kilikuwa Kiongoroni, kule karibu na bahari kuu, ambako huendi bila chombo. Mhudumu wa zahanati, ambaye pia alishika redio, alikuwa Mzee Mbonde. Ujanani alikuwa askari wa mawasiliano jeshini. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, maneno machache, kila kitu mahali pake. Wengine walinisumbua kwa "Rudia, Bi Tatu, rudia, sijapata." Mzee Mbonde kamwe. Nikimaliza tu, yeye: "Nimekusoma. Ova." Nilimsifia kwa wenzangu. Niliwaambia, "Muigeni mzee yule, ana masikio ya popo."

Na ile sheria ya kumtaka mtu asome ujumbe wote? Kwa Mzee Mbonde sikuitumia. Nilikuwa na umri wa binti yake. Kumwambia mzee kama yule "hebu nisomee nilichosema", kama mtoto wa darasa la pili, niliona ni kukosa adabu. Kwa hiyo nilimheshimu. Mnaona heshima inavyoweza kuwa uvivu uliovaa kanga nzuri.

Asubuhi moja nesi wa Kiongoroni alinipigia redio mwenyewe. Kuna mama, anaitwa Rehema, uchungu umeanza tangu jana na mtoto amelala vibaya. Anahitaji kuletwa bandari ya Nyamisati kwa boti ya mradi, kisha gari limchukue. Nikamwambia asubiri. Nesi akarudi kwa mgonjwa, akamwachia redio Mzee Mbonde. Nikauliza Nyamisati, nikaambiwa boti ya mradi imeharibika injini na haitatoka siku hiyo. Nikarudi hewani.

"Kiongoroni, Kiongoroni, hapa Kibiti. Boti haiji. Narudia, boti haiji. Mtafutieni mama chombo chochote chenye mashine hapo kijijini, aondoke sasa hivi kabla maji hayajapwa. Mmenisoma? Ova."

"Nimekusoma," akasema Mzee Mbonde, sauti ileile ya taratibu. "Ova."

Nikaandika saa, nikanywa chai.

Kilichotokea kule nilikijua kesho yake. Walimbeba Rehema mpaka diko, pale vyombo vinapotia nanga, wakamlaza chini ya kibanda cha makuti, wakangoja boti ya mradi. Boti ambayo mimi nilikuwa nimesema haiji. Walingoja maji yakijaa, wakangoja yakisimama, wakangoja yakianza kuondoka. Aliyewaokoa ni nahodha mmoja aitwaye Kassimu, aliyekuwa akipita na shehena ya boriti za mikoko. Aliona watu wamekusanyika, akauliza, akashusha boriti zake zote matopeni, akampakia mama. Rehema alifika akiwa hajitambui. Mtoto alichelewa sana kulia. Alhamdulillahi, wote wawili waliishi, lakini mama alilala hospitali wiki nyingi.

Bwana Shayo aliniita. Daftari langu lilionyesha ujumbe na saa. Lilionyesha pia "nimekusoma". Kwa karatasi, mimi nilikuwa safi na mzee alikuwa mzembe.

"Nenda Kiongoroni," akaniambia. "Ukamwone. Ukirudi uniambie neno moja kati ya mawili: abaki au aondoke."

Nilikwenda nikiwa na hasira, na neno langu nilikuwa nimeshalichagua. Hasira ile ilidumu mpaka Nyamisati, nilipoona chombo chenyewe. Nahodha alikuwa Kassimu yuleyule. Mimi wa Nyamwage nilikaa katikati, nimekumbatia ndoo, na tulipotoka kwenye mkondo mdogo kuingia mkubwa nilianza kutapika na sikuacha.

"Bi Tatu," Kassimu akasema, anaendesha kwa mguu, anakula muhogo, "ukiwa redioni unatuamrisha kama bahari ni yako. Leo imekujibu."

"Endesha tu, nahodha."

"Naendesha." Kisha akamega muhogo mwingine. "Unakwenda kwa ajili ya mzee, sivyo? Siku ile nilipowakuta, yeye ndiye aliyekuwa amemshikia yule mama kichwa. Alikuwa anatazama mdomo wa mkondo tu. Nilimwita mara tatu kutoka chomboni, hakugeuka. Nikadhani amechanganyikiwa kwa huzuni."

Sikulizingatia. Nilikuwa na ndoo yangu.

Mzee Mbonde alinipokea dikoni mwenyewe. Mwembamba, koti la zahanati limepigwa pasi, kofia nyeupe. Nikamwamkia, akaitikia. Akaniuliza habari za safari, za nyumbani, za Bwana Shayo. Nilijibu, naye alijibu ipasavyo, macho yake usoni kwangu muda wote. Nikajiambia huyu ni mzima wa afya kabisa, basi ni uzembe.

Tukaingia chumba cha redio. Akanigeuzia mgongo, akaanza kufunga waya za betri ili anionyeshe kuwa redio iko sawa. Mimi nikaona bora niseme nikiwa simtazami usoni, maana nilikuwa namwogopa. Nikayatoa yote. Kwamba mama alikaribia kufa. Kwamba nilisema boti haiji, na nikarudia. Kwamba aliniambia amenisoma, na mimi nilimwamini kuliko wote. Nilisema kwa muda mrefu.

Akageuka, akafuta mikono kwenye kitambaa.

"Utakunywa chai kwanza, mwanangu? Umetapika sana."

Nilimtazama. "Mzee, umenisikia nilichosema?"

"Nimekusoma," akasema.

Hapo maneno ya Kassimu yakanirudia: alimwita mara tatu, mzee hakugeuka. Nikachukua upindo wa kanga, nikajifunika mdomo kama mtu anayepangusa jasho, nikasema wazi, kwa sauti ya kawaida, "Mzee Mbonde, nyumba yako inaungua."

Akatabasamu, akatikisa kichwa. "Nimekusoma, mwanangu."

Nikashusha kanga. Nadhani aliyaona macho yangu, kwa sababu tabasamu lilimwisha, akavuta kigoda, akakaa. Nje palikuwa na kuku tu.

"Umesema nini?" akauliza mwishowe.

Nikaona aibu kumwambia. Nikasema taratibu, midomo wazi, "Nimesema nyumba inaungua."

"Kweli inaungua," akasema.

Akanieleza. Masikio yalianza kuondoka kidogo kidogo, kwanza moja, kisha la pili, na masika ya mwaka juzi akawa hasikii kabisa. Ana kwa ana alisoma midomo, na watu wa kijiji aliwajua tangu utoto, alijua watasema nini kabla hawajasema. Redioni alikuwa na mkewe, Bi Mwanaidi. Kila saa ya redio Bi Mwanaidi alikaa pembeni ya spika na kibao cha shule, anaandika kwa chaki ninachosema, yeye anasoma, anajibu. Walioingia walidhani mama ameleta chai. Wiki ile Bi Mwanaidi alikuwa Mafia, binti yao amejifungua. Redio ilibaki haina masikio.

"Niliona mshale wa redio unaruka, nikajua unasema," akaniambia. "Nikajibu ninavyojibu siku zote. Nilidhani unasema boti inakuja. Boti huwa inakuja." Akatazama mikono yake. "Nilimbeba mwenyewe mpaka diko. Nilikuwa naona maji yanaondoka, na sikumwambia nesi kwa nini moyo unanienda mbio."

"Kwa nini hukusema, mzee? Miaka yote hii?"

"Ningesema nini? Mtu wa redio kiziwi. Wewe ungecheka." Kisha akasema, "Waambie niondoke, ni haki. Naomba jambo moja tu. Usiwaambie nilikuwa mzembe. Waambie sikusikia."

Wajukuu zangu, nilikuwa nimekwenda kumhukumu mtu, na nikawa nimekaa pale najihesabia. Laiti ningemwambia hata mara moja, "Mzee, nisomee ujumbe," ningelijua jambo lile ndani ya siku moja. Daftari langu lilikuwa safi kwa sababu nililisafisha kwa uvivu wangu.

Nilikunywa chai yake. Tulipomaliza, aliwasha redio, akaizungusha mpaka mahali ambapo mimi nilisikia milio: mifupi na mirefu, ti-taa-ti, zile herufi za Morse. Akaweka vidole viwili juu ya spika, kama daktari anayepima mshipa. Akafumba macho. Akaanza kutaja herufi moja moja.

"Ni meli," akasema. "Inamwita mwenzake. Anayegonga ana haraka, labda ana njaa."

Sauti ya mtu, alinieleza, vidoleni ni mtetemeko usio na umbo, kama nyuki ndani ya mzinga. Lakini Morse ni kuwaka na kuzimika. Ngozi inaisoma. Alikuwa ameijua tangu jeshini, na kwenye droo alikuwa na kitufe cha kugongea alichokiunda kwa kipande cha msumeno na bolti mbili. Alikuwa akigonga peke yake, redio imezimwa, ili asisahau.

"Kuna mtu Kibiti anayejua kugonga?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Basi," akasema, na akazima redio.

Nilirudi, nikamwambia Bwana Shayo ukweli wote, pamoja na wangu. Nikamwomba wiki mbili. Akauliza za nini. Nikamwambia za kujifunza kugonga. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Bi Tatu, ulichukua miezi minne kujifunza kubonyeza kitufe." Lakini akanipa, na akaniunganishia kitufe cha kugongea kwenye redio.

Sasa ninyi mnalalamika kwamba Morse ni ngumu, na mna programu kwenye simu zenu inayowaimbia. Mimi nilikuwa na karatasi ya Mzee Mbonde tu, aliyoniandikia kwa mkono akanitumia kwa chombo cha Kassimu. Niligonga kwa kijiko kwenye sufuria. Niligonga kwa mchi kwenye kinu bila kutwanga chochote. Jina langu mwenyewe lilikuwa taa, titaa, taa, tititaa, na nililigonga mezani mpaka mume wangu akaniuliza kama kuna mtu namwita. Siku moja alinikuta naongea na ukuta, ti-ti-ti-ti, akasema kwa upole kwamba kwao kuna mganga mzuri wa mambo hayo. Wiki ya pili, Bi Mwanaidi alikuwa amerudi kutoka Mafia, na kila asubuhi mumewe alinigongea redioni maneno mafupi, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Nilikosea. Aligonga tena. Nilikosea. Aligonga tena. Hakuwahi kuchoka, na ndipo nilipoanza kuelewa jeshini alikuwa mtu gani.

Siku ya mtihani, Bwana Shayo alikaa karibu yangu na kalamu zake nne. Alikuwa amemwagiza nesi wa Kiongoroni ahakikishe Bi Mwanaidi yuko nje ya chumba. Kisha akaandika ujumbe wake mwenyewe, ambao hakuna aliyekuwa ameuona, akanisukumia.

"Gonga."

Ulisema: dawa za malaria maboksi matano, boti inafika kwenu kesho saa tatu asubuhi, andaa wabebaji. Nikagonga. Jasho lilinitoka mpaka kwenye kiwiko. Nilipomaliza nikaacha mkono, nikangoja lile "nimekusoma" la miaka yote.

Kisha redio ikaanza kulia, taratibu, nami nikaandika herufi moja moja huku Bwana Shayo akisoma juu ya bega langu.

MABOKSI 5 SAWA. SAA RUDIA.

"Amekosa," akasema Bwana Shayo.

Nikagonga tena ile saa. Jibu likarudi refu, nikalifuata kwa shida.

UMEGONGA 5. SAA 5 MKONDO HAUNA MAJI. BOTI ITAKWAMA. HAKIKISHA.

Nikatazama karatasi ya Bwana Shayo. Imeandikwa saa tatu. Nikatazama mkono wangu. Tarakimu ya tatu ni milio mitatu mifupi na miwili mirefu. Ya tano ni mitano mifupi. Nilikuwa nimegonga tano, mara zote mbili. Mimi, ambaye jina langu ni Tatu.

Mzee asiyesikia, akiwa amefumba macho, vidole juu ya spika, alikuwa amelikamata kosa langu mara mbili, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa ameniomba nirudie.

Bwana Shayo alirudisha kalamu mfukoni, moja baada ya nyingine, polepole.

"Nimekuja hapa kumwondoa mtu mmoja," akasema. "Sasa sijui ni yupi kati yenu."

Nilitaka kucheka, nikalia. Akanipa kitambaa chake. Mzee Mbonde alibaki. Aliwekewa sharti kwamba ujumbe wa sauti upokewe na nesi au Bi Mwanaidi, ambaye safari hii aliandikwa jina lake ubaoni, hakujificha tena nyuma ya birika. Mambo ya mgonjwa yalipita kwa Morse kati yangu na mzee, na kila ujumbe ulisomwa wote kwenda na kurudi. Nesi alimweleza Rehema ukweli, mzee akiwa amesimama pale. Rehema alibeba mtoto wake, akaondoka. Baadaye alimpelekea samaki, na Mzee Mbonde alisema hajawahi kula samaki mgumu kummeza kama yule.

Tulifanya kazi hivyo miaka. Kuna mengi ya miaka hiyo. Kuna kaa aliyeingia ndani ya redio. Kuna yule mtaalamu aliyeagiza tuache kusema "B kama boriti, K kama kaa, P kama pweza", tuseme kwa matamshi ya kimataifa, na siku iliyofuata yeye mwenyewe akatajiwa "Papa", yaani herufi P, akaandika kwamba Kiongoroni wameshambuliwa na papa. Mtakuja siku nyingine mniulize hayo, mkija na sukari.

Simu zilipoanza kuingia delta, mradi ulifika mwisho. Bwana Shayo alikuwa ameshastaafu. Meneja mpya, kijana safi mwenye viatu visivyojua tope, alileta barua kwamba mtandao wa redio utafungwa siku fulani saa sita mchana. Siku ilipofika zahanati zote ziliniaga kwa sauti, moja moja. Wengine waliomba dua. Yule nesi wa mafuta ya taa alinishukuru kwa mapipa. Wa mwisho alikuwa Kiongoroni, naye hakusema, aligonga. Nilichukua kalamu nikitarajia maneno ya kuagana, labda ile 73 ambayo watu wa redio hupeana kama salamu za kheri.

MAMA MMOJA. MIMBA YA KWANZA. SHINIKIZO LA DAMU JUU. MAJI YATAJAA KESHO SAA 4. OMBA BOTI NA GARI.

Nikamgongea: TUNAFUNGA LEO SAA 6.

Jibu likaja bila haraka. NAJUA. MAMA NI KESHO.

Nikamtafsiria meneja. Akasema watumie simu. Nikamwambia mnara wa upande ule bado haujawashwa. Akasema agizo ni leo. Nikamwambia hivi, kwa heshima zote, kwamba agizo nimelisoma neno kwa neno, lakini antena ile niliifunga mimi, na mtu pekee anayejua kuishusha bila kuuvunja mlingoti ni mimi, na mimi mgongo unaniuma mpaka kesho. Alinitazama, akatazama karatasi yangu ya herufi, akachukua mkoba wake. Mlangoni akasema, "Kesho saa ngapi mgongo utapona?"

"Maji yakishajaa," nikamwambia.

Kesho yake niliketi pale peke yangu tangu asubuhi. Hakuna kituo kingine hewani, mvumo mtupu. Saa nne Kiongoroni akagonga: AMEONDOKA. Saa nane mchana Nyamisati wakanipigia simu: amepokelewa, gari linamchukua. Alasiri nikapata habari kutoka hospitali, nikashika kitufe, nikagonga polepole nisije nikakosea.

AMEJIFUNGUA SALAMA. WA KIUME. WOTE WAZIMA.

Nilingoja. Niliweza kumwona kabisa, koti lake, vidole viwili juu ya spika, Bi Mwanaidi kando yake na kibao asichokihitaji. Jibu lake lilikuwa neno moja.

FUNGA.

Nikachomoa waya za betri, kwanza hii, kisha ile. Nikafagia chumba. Halafu nikapitia sokoni, maana nyumbani hapakuwa na mboga.